Kumpiga Ndege Picha Bila Kumdhuru: Siku Moja katika Msitu wa Nyungwe

Uzuri humponza mwenye nao. Korongo taji, ndege yule mrefu mwenye shungi la dhahabu ambaye Wanyarwanda humwita umusambi, alipendwa mno na watu, na kupendwa huko kulikaribia kummaliza. Kwa miaka mingi watu waliingia mabondeni na vinamasini wakachukua makinda wake, wakawakata mabawa, na kuwafuga katika bustani za nyumba na za hoteli ili wawe pambo. Hakuna aliyemchukia ndege huyo. Kila mmoja alitaka tu awe wake. Sensa ya kwanza iliyofanywa nchini Rwanda mwaka 2017 ilihesabu korongo taji 487 waliobaki porini.

Tangu mwaka 2014, daktari wa wanyama Olivier Nsengimana na chama alichokiasisi cha kuhifadhi wanyamapori, wakishirikiana na Serikali, walianza kazi ya kuwatafuta ndege hao majumbani. Walioweza kuruka tena walipelekwa katika hifadhi ya Akagera. Wale ambao mabawa yao yalikuwa yameharibika kabisa walipewa makao katika Kijiji cha Umusambi mjini Kigali. Hesabu ya mwaka 2023 ilikuta zaidi ya ndege 1,200 porini. Hivyo ndege aliyekuwa akiangamia kwa sababu ya mapenzi ya watu ameanza kurudi kwa sababu watu wamejifunza kumpenda kwa namna nyingine.

Ndugu msomaji, habari hiyo inatufundisha kwamba binadamu akikutana na kitu kizuri, jambo la kwanza analolitaka ni kukimiliki. Kamera imekuja kama dawa ya tamaa hiyo. Mwenye kamera humpata ndege, akarudi naye nyumbani, akamtundika ukutani na kuwaonyesha wajukuu, na huku ndege mwenyewe amebaki mtini pake. Lakini dawa yoyote ikitumiwa vibaya hugeuka sumu, na kamera nayo ni hivyo hivyo. Katika makala haya tunataka kueleza jinsi siku ya kupiga picha za ndege inavyokwenda chini ya mwongozaji katika msitu wa Nyungwe, na kwa nini neno la mwongozaji huyo linapasa kuheshimiwa kama amri.

MSITU ULIO JIRANI YETU

Wakazi wa Wilaya ya Rusizi, ambayo hadi mwaka 2006 ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Cyangugu, wana bahati ambayo wengi wao hawajaitumia. Upande mmoja wanalo Ziwa Kivu, na mto Rusizi unaotoka humo kuelekea Ziwa Tanganyika. Upande wa pili wanao msitu wa Nyungwe, wenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,019. Msitu huo ulianza kuhifadhiwa mwaka 1933 wakati wa utawala wa Wabelgiji, na baada ya mwaka 2000 ukafanywa hifadhi ya taifa. Mwezi Septemba 2023 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Tangu mwaka 2020 unaendeshwa na shirika la African Parks kwa makubaliano na Bodi ya Maendeleo ya Rwanda. Kipande chake kimoja kiitwacho Cyamudongo kiko peke yake ndani ya Wilaya ya Rusizi, kimezungukwa na mashamba pande zote, na hata hivyo sokwe wangali wanaishi humo.

Aina za ndege zilizokwisha kuonekana Nyungwe zinazidi 300. Zaidi ya 20 kati yake haziishi mahali pengine popote duniani ila katika milima ya Bonde la Ufa la Magharibi, yaani Uganda ya magharibi, Kongo ya mashariki, Rwanda, Burundi, na milima iliyo kando ya Ziwa Tanganyika. Mtu wa London au Tokyo anayetaka kuwaona ndege hao hana budi kuweka akiba kwa miaka na kuvuka bahari. Mtu wa Kamembe hupanda gari, na kabla ya saa mbili kwisha amekwisha kufika.

Zamani aliyetaka kumjua ndege alimpiga risasi. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakusanyaji kutoka Ulaya, miongoni mwao Rudolf Grauer wa Austria, walipita katika milima hii wakiua ndege, wakiwachuna, na kupeleka ngozi zao katika majumba ya makumbusho. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya elimu wakati huo, na mpaka leo yupo ndege mdogo wa vinamasi vya milimani anayechukua jina la Grauer. Siku hizi, mara nyingi picha moja iliyo wazi yatosha kumtambulisha ndege. Ustadi wa mwindaji haukupotea: kunyata, kusoma upepo, kusubiri, kulenga. Kilichobadilika ni kwamba mwisho wa yote hayo ndege huruka akaenda zake.

SAFARI YA ALFAJIRI

Hebu tuchukue mfano wa familia moja. Tuseme ni sajini wa jeshi aliye likizoni, mkewe ambaye ni mwuguzi, na binti yao wa miaka 15. Wameazima kamera moja yenye lenzi ndefu, na wana darubini moja ya mkononi. Wameondoka Kamembe saa kumi alfajiri, wakafika Gisakura, penye mashamba ya chai yanayopakana na msitu, kabla ya jua kuchomoza.

Kwa nini mapema hivyo? Kwa sababu ndege hulala na njaa. Mwili wake mdogo hupoteza joto usiku kucha, na kunapopambazuka jambo lake la kwanza ni kuimba ili kutangaza mipaka yake, na la pili ni kutafuta chakula. Tangu saa kumi na mbili hadi saa nne asubuhi msitu huwa kama soko wakati wa kufunguliwa. Baada ya hapo jua hupanda, sauti hupungua, na ndege hujificha penye kivuli. Mpiga picha anayefika saa tano amefika sokoni wakati wachuuzi wamekwisha kukunja mikeka.

Mwongozaji anawapokea kwa salamu, kisha anawatazama mavazi. Shati jeupe la binti analifunika kwa koti la mvua la rangi ya majani makavu, kwa maana weupe huonekana na ndege kutoka mbali. Anawaomba wazime milio ya simu. Halafu anawapa sharti moja kabla ya hatua ya kwanza.

"Afande, nyumbani kwako wewe ndiwe mkubwa," anamwambia sajini kwa upole. "Humu ndani, nikiinua mkono tunasimama sote. Nikisema turudi, tunarudi. Tunaelewana?"

"Tunaelewana," anajibu sajini, ambaye amezoea amri zaidi kuliko wengi wetu.

Wahenga walisema kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Msituni hata mwenye macho huambiwa. Mgeni huona ukuta wa majani tu. Mwongozaji husikia kwanza, akamjua ndege kwa sauti, akajua yuko mti gani na kwa urefu gani, ndipo akanyosha kidole. Ujuzi huo haupatikani kwa mwaka mmoja. Ni miaka ya kutembea njia zile zile katika mvua na ukungu, mpaka sauti za ndege zikawa kama sauti za majirani.

Ndege wao wa kwanza ni shorobo mkubwa wa buluu, mwenye urefu wa karibu sentimita 75, anayeruka toka tawi hadi tawi pembezoni mwa mashamba ya chai. Sajini anainua kamera na kupiga. Anapotazama kioo cha nyuma anaona umbo jeusi tu kama kivuli cha kuku, na nyuma yake mbingu nyeupe. Hilo ni kosa la kila anayeanza. Kamera imepima mwangaza wa mbingu ikasahau ndege. Mwongozaji anamfundisha mambo mawili: ama aiongezee kamera mwangaza kwa makusudi, ama asogee hatua chache ili nyuma ya ndege pawe na majani badala ya mbingu. Sajini anataka kusogea mbele.

"Usimfuate, Afande," ananong'ona mwongozaji. "Mti huu umejaa matunda, naye bado hajashiba. Tukikaa atatuzoea. Tukimfuata atakimbia, na wenzake watamfuata."

Wanakaa. Baada ya dakika kumi na tano shorobo watatu wanashuka hadi matawi ya chini. Askari yeyote aliyewahi kulala katika maviziao ataelewa kilichotendeka: hawakumsogelea ndege, ndege ndiye aliyewasogelea.

Ndani zaidi ya msitu wanamwona shorobo mwingine, wa Rwenzori, ambaye ni mdogo kuliko yule wa kwanza na ni mmoja wa wale wasiopatikana ila katika milima yetu. Akiwa ametulia ni vigumu kumtofautisha na majani. Akiruka, mabawa yake hufunguka yakawa mekundu kama kaa la moto. Wataalamu wameeleza kwamba wekundu huo hutokana na rangi yenye madini ya shaba ndani yake, rangi ambayo hupatikana kwa jamaa ya shorobo tu. Sajini hakuwahi kumpiga picha. Lakini watatu hao wamemwona, na hilo halihitaji kamera.

KIOTA KANDO YA NJIA

Yapata saa tatu, binti ndiye anayegundua kitu. Kwenye kitawi kilichoinamia njia kinaning'inia kiota cha chozi, mfano wa kifuko kilichofumwa kwa nyasi na nyuzi za buibui, chenye tundu dogo ubavuni. Ndani yake vinaonekana vidomo viwili vya manjano. Mbele ya tundu kuna jani moja pana linaloziba karibu nusu ya sura hiyo.

Sajini anapanga kamera yake. Jani linamzuia. Ananyosha mkono alivute pembeni.

"Hapana, Afande. Tafadhali rudisha mkono."

"Silikati. Nalishika tu. Dakika moja."

"Tazama kule," anasema mwongozaji.

Juu ya kijiti, kama hatua kumi kutoka walipo, amesimama chozi jike. Mdomoni ana mdudu. Anaruka hadi kijiti kingine, anarudi, anaruka tena. Chakula amekwisha kukipata, watoto wanamsubiri, lakini hathubutu kuingia kwa kuwa watu wanne wamesimama mlangoni pake.

"Kila ninayemleta huku huniomba dakika moja," anaendelea mwongozaji. "Leo mmekuja ninyi. Kesho watakuja wengine. Watu kumi ni dakika kumi, na watoto wale hawajala. Jani hilo nalo ndilo paa lao. Ukilivuta, halitarudi kama lilivyokuwa. Mchana jua litawapiga, jioni mvua itawalowesha, na mwewe akipita juu atawaona."

Kwa muda hakuna anayesema neno. Sajini ametoka mbali, amelipa, na kamera si yake. Picha ile angeipata kwa kunyosha kidole tu. Mkewe ndiye anayevunja ukimya. "Baba watoto, twende," anasema. "Mimi nikiwa na mgonjwa wodini, sipendi watu wajazane mlangoni." Wanaondoka pasipo picha. Kabla hawajafika penye kona, binti anageuka na darubini yake, akamwona chozi akiingia kiotani.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo ulipo moyo wa jambo hili lote. Ndege hana njia ya kutupeleka mahakamani. Gharama ya picha mbaya hulipwa na yai lililopoa, au na kinda aliyekufa njaa baada ya mpiga picha kwenda zake akiwa amefurahi. Picha njema ni ile ambayo ndege hakuilipia.

Kiota si mahali pekee penye mtego huo. Wako wanaotumia simu kumchezea ndege sauti ya ndege mwenziwe ili ajitokeze. Ndege husikia sauti hiyo akadhani mgeni amevamia mipaka yake, akaacha kula na kulinda watoto, akaja kupigana na adui asiyekuwapo. Wako wanaowamulika bundi na ndege wengine wa usiku kwa taa kali ya kamera, na kuwatia kiwi kwa muda katika saa zao za kuwinda. Wako wanaotangaza hadharani mahali hasa kilipo kiota cha ndege adimu, na kwa tangazo hilo wakamwelekeza mwizi wa makinda. Mwongozaji mwema huzuia mambo hayo yote, na mgeni mwema humshukuru badala ya kununa.

MTI WENYE MAUA MEKUNDU

Subira huvuta heri. Mwendo mfupi kutoka penye kiota, mwongozaji anawaketisha mbele ya mti wa simfonia uliochanua. Maua yake mekundu ya mviringo huwa na asali nyingi, na ndege wa jamaa ya chozi huupenda mno. Hapa hakuna kiota cha kulindwa wala mtoto wa kulishwa. Ni mkahawa wa wazi, na mteja akishiba huondoka kwa hiari yake. Hapa ndipo mahali pa kupiga picha.

Mwongozaji anaeleza kazi. Kwanza, lenga jicho. Picha ambayo jicho la ndege limefifia haina uhai hata kama manyoya yote yameonekana. Pili, ndege huyu hatulii, kwa hiyo kilango cha kamera hakina budi kufunguka na kufumba kwa kasi sana, ikiwezekana sehemu moja ya elfu ya sekunde. Tatu, usimfuate ndege kwa lenzi huku na huko. Chagua ua moja zuri lenye mwanga mzuri, lielekee hilo, umsubiri ndege aje. Nne, egemeza viwiko magotini au kamera juu ya fimbo, kwa kuwa mkono uliochoka hutikisika.

Wanakaa dakika arobaini. Wanakuja machozi wa aina mbalimbali, na mwishowe anakuja yule ambaye mwongozaji alikuwa akimngoja: chozi mwenye kifua cha zambarau, mkia mrefu, na mng'ao unaobadilika kila anapogeuka. Sasa zamu ni ya binti. Anapiga picha sitini. Hamsini na saba ni mkia, tawi, au ukungu mtupu. Tatu ni ndege mzima, jicho lake linang'aa kama shanga. Huo ndio wastani wa kazi hii, na asivunjike moyo mtu anayeanza.

KINAMASI KINACHOMEZA TEMBO

Baada ya chakula cha mchana wanapelekwa kukitazama kinamasi cha Kamiranzovu, bonde pana la nyasi na matete lililo katikati ya milima yenye msitu. Humo ndimo anamoishi yule ndege mdogo wa Grauer, na mtu huweza kuisikia sauti yake mchana kutwa asimwone hata unyoya. Kwa Kinyarwanda jina Kamiranzovu lina maana ya kinachomeza tembo. Tembo walikuwako kweli. Majangili waliwamaliza mmoja mmoja, na wa mwisho katika msitu huu aliuawa mwaka 1999. Nyati walikuwa wamekwisha kutoweka kabla yake.

Binti anauliza kama kuna picha za tembo hao. Swali hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Mnyama akishatoweka, picha ndiyo kaburi lake. Sisi tunataka picha za ndege wa Nyungwe ziwe habari za walio hai, wala zisiwe kumbukumbu za marehemu.

NDEGE HAWANA PASIPOTI

Jioni familia inarudi Kamembe. Juu ya nyaya za umeme, kama msimu ni kati ya Oktoba na Aprili, wamejipanga mbayuwayu wadogo wenye mkia wa panda. Wengi huwaona wakawapuuza. Mbayuwayu hao, ambao kila mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi, wamezaliwa Ulaya, wakavuka Bahari ya Mediteranea na Jangwa la Sahara kwa mabawa yao wenyewe, na mwezi wa Machi au Aprili watarudi kwa njia ya mbali kama hiyo.

Katika safari hiyo visiwa vya Mediteranea ni kwao kama vituo vya kupumzikia. Katika kisiwa cha Lesbos nchini Ugiriki, penye madimbwi ya chumvi ya Kalloni, wapiga picha kutoka nchi nyingi hukusanyika kila majira ya kuchipua, mwezi wa Aprili na wa Mei, wakapelekwa na waongozaji kuwaona ndege waliochoka wakishuka kula na kunywa. Wenye hoteli, mikahawa na magari ya kukodi hupata riziki. Lakini katika kisiwa cha Cyprus, upande wa mashariki wa bahari hiyo hiyo, wako watu ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakitega nyavu na vijiti vilivyopakwa ulimbo ili kuwanasa ndege wadogo wa msafara huo kwa ajili ya kitoweo. Ulimbo huo ni ndugu wa ule ambao watoto wa pwani ya Afrika Mashariki waliujua. Sheria ya Cyprus imeupiga marufuku mtego huo tangu mwaka 1974, na hata hivyo polisi na walinzi wa ndege wa huko wangali wanapambana nao, kwa sababu sahani ya ndege hao huuzwa kwa siri na kwa bei kubwa.

Tunayataja hayo kwa sababu msafara wa ndege hauna mwenyewe mmoja. Anayemlinda mbayuwayu Rusizi anafanya kazi pamoja na anayemlinda Lesbos, ingawa hawatakutana maishani. Ndege akinaswa njiani, waya wa Kamembe utabaki na nafasi tupu.

FAIDA YAKE NA ULINZI WAKE

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka 2005 Serikali ya Rwanda ilianza kutenga asilimia 5 ya mapato ya utalii wa hifadhi kwa ajili ya wananchi wanaozizunguka, na mwaka 2017 ikaipandisha hadi asilimia 10. Fedha hizo husaidia shule, vituo vya afya, maji na miradi ya vyama vya ushirika. Ndege aliyechomwa moto hushibisha mtu mmoja, tena kwa mlo mmoja. Ndege aliye hai mtini huweza kuwaleta wageni mwaka baada ya mwaka, na kila mgeni hulala mahali, hula mahali, na huacha fedha mkononi mwa mtu.

Zaidi ya hayo, wasomaji wetu walio katika majeshi na polisi wanajua jambo ambalo watalii hawalioni. Mwezi Desemba 2018 watu wenye silaha waliyashambulia magari katika eneo la Nyungwe, na raia wakapoteza maisha. Leo familia hupita barabara hiyo alfajiri na kamera mapajani. Amani hiyo haikuota yenyewe kama uyoga. Nyuma ya kila picha ya ndege kuna mtu aliyekesha.

USHAURI KWA FAMILIA

Kwa wale ambao wangependa kwenda, haya yafaa yakumbukwe.

Ulizia mapema katika ofisi ya hifadhi gharama, umri wa watoto wanaoruhusiwa, na mwongozaji anayewajua ndege, kwa maana si kila mwongozaji ana ujuzi huo. Gharama ya mwananchi si sawa na ya mgeni wa kutoka nje, kwa hiyo chukua kitambulisho. Majira ya kiangazi, hasa kati ya Juni na Agosti, njia haziwi na utelezi mwingi. Lakini Nyungwe ni msitu wa mvua, na koti la mvua halina likizo.

Vaa suruali ndefu na uingize miguu yake ndani ya soksi, kwa sababu ya siafu. Chagua rangi zisizong'aa. Beba chakula kisichonukia sana wala kuhitaji kupashwa moto: viazi vitamu, mayai ya kuchemsha, ndizi, chapati, na chai katika chupa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu mwaka 2008, hivyo funga chakula kwa kitambaa au uweke ndani ya bakuli. Kila ulichoingia nacho, toka nacho, hata ganda la yai.

Asiye na lenzi ndefu asione haya. Darubini na daftari vyatosha kwa mara ya kwanza. Mtoto aandike saa, mahali, rangi na tabia ya ndege aliyemwona. Hayo ni masomo ya sayansi, jiografia na insha kwa pamoja. Na asiye na nauli ya Nyungwe asikae bure. Kwenye ufuko wa Kivu, wakati mashua za wavuvi wa sambaza zinapoondoka jioni, mdiria mweusi na mweupe husimama angani akipepea mahali pamoja kabla hajajitosa majini. Huyo hana kiingilio. Ila kumbuka kwamba karibu na mpaka, madaraja na kambi, kamera haielekezwi kabla ya kuomba ruhusa.

Mwisho, ukirudi nyumbani chagua picha chache zilizo bora, uzichapishe, uzitundike mahali watoto wanapozipitia kila siku. Mtoto anayemjua ndege kwa jina hatamrushia jiwe. Akikua, akawa askari, mwalimu au mkulima, atakuwa mlinzi wa msitu bila kuajiriwa. Nasi tukitaka korongo taji, chozi na shorobo wawepo siku hiyo, tuanze leo kwa kuurudisha mkono kila unaponyoshwa kuvuta jani.